Soma Ardhi Kabla ya Kulala: Mwaka Mmoja wa Kambi za Skauti Endasak

Siku ulipohitimu kisomo ulipata uwezo mkubwa. Ukikuta maandishi kwenye mfuko wa mbolea, unayasoma. Ukiletewa karatasi ya kutia sahihi, unaisoma kwanza. Leo tuzungumze juu ya kusoma kwa namna nyingine. Tuzungumze juu ya kusoma ardhi.

Ardhi nayo ina maandishi yake. Maji huandika. Upepo huandika. Mawe huandika. Mtu asiyejua kuyasoma maandishi hayo anaweza kulala mahali ambapo hakupaswa kulala.

Sisi tunaoandika somo hili ni viongozi watatu wa kundi moja la skauti hapa Endasak, wilaya ya Hanang. Tutawaeleza mwaka wetu wa 2023: kambi tulizopiga, makosa tuliyoyafanya na mambo tuliyojifunza. Tunaandika kwa sababu moja kubwa. Kuna jambo tulilijua mwezi wa Aprili. Hatukuwaambia wenzetu kijijini. Ulipofika mwezi wa Desemba, tulijuta.

SKAUTI NI NINI?

Wazazi wengi hutuuliza, "Hawa watoto wenye skafu shingoni ni jeshi?" Hapana, si jeshi. Skauti ni vijana, wavulana na wasichana, wanaojifunza kujitegemea, kusaidia wengine na kuishi vizuri katika mazingira yao. Neno lao kuu ni hili: Uwe Tayari.

Uskauti ulianzishwa na Mwingereza mmoja aitwaye Robert Baden-Powell. Alikuwa askari. Katika vita vya Afrika Kusini, mwaka 1899 hadi 1900, alizingirwa na adui katika mji wa Mafeking. Huko aliona vijana wadogo wakipeleka barua na kufanya kazi nyingine za kuaminika. Akatambua kwamba kijana akipewa kazi ya kweli, anaiweza.

Mwezi wa Agosti 1907 aliwachukua vijana wapatao 20 akaenda nao kambini katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Baadhi yao walikuwa watoto wa matajiri na wengine watoto wa wafanyakazi wa kawaida. Aliwagawa katika vikosi vidogo vinne, kila kikosi na kiongozi wake kijana. Mwaka uliofuata, 1908, alitoa kitabu, na uskauti ukaenea duniani. Tanganyika ulifika mwaka 1917, wakati wa ukoloni. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, chama chetu kilipokelewa katika shirika la skauti la dunia.

Baden-Powell alimalizia maisha yake karibu na sisi. Alifariki Nyeri, Kenya, mwaka 1941, na kaburi lake liko huko. Juu ya kaburi pamechorwa duara lenye nukta katikati. Hiyo ni moja ya alama ambazo skauti huwekeana njiani. Maana yake ni: "Nimekwenda nyumbani." Unaona basi, ndugu msomaji, skauti tangu mwanzo ni watu wa kusoma alama.

FEBRUARI: USIKU WA KWANZA

Kundi letu lilikuwa na vijana 24. Tuliwagawa katika vikosi vinne vya watu sita sita. Viongozi tulikuwa watatu, na mmoja wetu ni mwalimu wa kike, kwa ajili ya wasichana.

Tarehe 22 Februari ni siku aliyozaliwa Baden-Powell, na skauti huikumbuka kila mwaka. Karibu na siku hiyo tulilala usiku mmoja katika uwanja wa shule. Mahema hatukuwa nayo. Tulikuwa na maturubai, kamba za katani, na miti ya kusimamishia. Vijana walijifunza kufunga mafundo. Walijifunza kuchimba mfereji kuzunguka hema ili maji ya mvua yapite pembeni. Ugali wa kwanza uliungua chini, ukawa mbichi juu. Wakaula hivyo hivyo!

Asubuhi lilitokea jambo dogo. Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto. Kijana mmoja alimpa mzee mmoja mkono wa kushoto. Mzee alikasirika kweli kweli. Tulikwenda kumwomba radhi na kumweleza kwamba ni salamu ya wao kwa wao, si dharau. Vijana nao tukawaambia: salamu ya skauti ni ya skauti. Kwa mzee, shika adabu ya nyumbani. Mzee huyo mtamwona tena katika somo hili.

APRILI: KOSA LETU

Mwezi wa Aprili, wakati wa likizo fupi, tulipanga kulala nje usiku mbili. Tulitafuta mahali pazuri. Tukapata mto mkavu, na kando yake, chini ya ukingo, palikuwa na mchanga laini kama godoro. Kulikuwa na kivuli cha migunga. Upepo haukufika. Kuni zilikuwa tele, tena zimejikusanya zenyewe kwenye vichaka. Mvua ilikuwa imekatika kwa siku tano. Tukasema, "Mahali ni hapa hapa."

Hatukumwuliza mtu yeyote.

Usiku wa kwanza mbingu ilikuwa na nyota juu yetu. Lakini mbali, upande wa Mlima Hanang, radi zilikuwa zinamulika. Tulizitazama kama watu wanaotazama taa za gari linalopita. Tukalala.

Yapata saa nane za usiku, msichana mmoja aliyekuwa zamu ya ulinzi alisikia mngurumo. Alidhani ni lori barabarani. Kisha akakumbuka kuwa barabara iko upande mwingine. Akapiga filimbi. Hakusubiri kutuamsha kwa heshima. Alipuliza filimbi ile mpaka wote tukatoka mbio. Tulipanda ukingo gizani, tukivutana mikono. Dakika chache baadaye maji yalipita pale tulipokuwa tumelala, maji mekundu yenye magogo ndani yake.

Tulihesabu vijana. Wakatimia 24. Tukahesabu tena. 24. Tukamshukuru Mungu. Lakini maturubai mawili, masufuria, mablanketi na viatu vilikwenda na maji.

Mahali petu haikunyesha hata tone. Mvua ilinyesha mlimani, na maji yakatufuata chini. Zile kuni tulizozifurahia, zilizojikusanya zenyewe kwenye vichaka, hazikujikusanya. Zililetwa na maji ya siku za nyuma yakazinasisha pale. Ule mchanga laini nao uliletwa na maji. Ardhi ilikuwa imeandika kwa herufi kubwa: HAPA NI NJIA YA MAJI. Sisi walimu, wenye vyeti, hatukusoma.

MEI: MAMA ANAYESOMA FOMU

Habari zilifika nyumbani kabla yetu. Wazazi walikuwa na haki ya kukasirika. Mwezi wa Mei tuliitisha mkutano kuomba ruhusa ya kambi ya Juni. Tulikuja na fomu za ruhusa. Tulidhani kila mzazi atatia sahihi au dole gumba kama kawaida, halafu tuondoke.

Mama mmoja alichukua fomu yake, akaisoma taratibu, neno kwa neno, kidole chini ya mstari. Alikuwa amehitimu kisomo. Watu walianza kuchoka kumsubiri. Alipomaliza akasema:

"Samahani, Mwalimu. Hapa mmeandika tarehe. Mmeandika debe la mahindi. Mmeandika blanketi. Sijaona palipoandikwa watoto watalala wapi."

Tukanyamaza.

Akaendelea, "Mara ya kwanza mlituambia 'porini'. Pori ni kubwa, Mwalimu. Nani kalitazama?"

Hapo ndipo yule mzee wa mkono wa kushoto aliposimama. Akasema kwa kicheko, "Wanangu, sisi tulilala porini na ng'ombe tukiwa wadogo kuliko hawa. Hatukuwa na filimbi wala skafu. Lakini hapakuwa na mtoto aliyelaza ng'ombe mtoni. Baba yake angemchapa."

Watu walicheka, na sisi tukacheka, ingawa aibu tuliisikia. Tukamwomba mzee atufundishe. Akakubali. Nasi tukazichukua zile fomu, tukaongeza mstari mmoja: mahali pa kambi, na majina ya watu waliopakagua.

JUNI: KAMBI KUBWA

Mwezi wa Juni shule zilipofunga tulipiga kambi ya siku tano. Safari hii tulikwenda kwanza na mzee na wazazi wawili kukagua. Tulichagua mgongo wa ardhi uliopanda kidogo, mbali na korongo, penye udongo mgumu na nyasi fupi. Kila mahali mzee aliuliza maswali matatu: "Juu yako kuna nini? Chini yako kuna nini? Maji yakija, yatapita wapi?"

Siku ya pili aliwapeleka vijana kwenye ule mto wa Aprili. Kijana mmoja akaona nyasi kavu zimenasa katika panda ya mti, juu ya kichwa cha mtu mzima. Akauliza, "Mzee, nyasi hizi zimepandaje mti? Ng'ombe hapandi mti." Mzee akamjibu, "Sasa umeanza kusoma."

Tuwaeleze kwa ufupi mambo mengine ya kambi ile, kwa kuwa yanafaa hata nyumbani.

Chakula. Tulikuwa watu 27, yaani vijana 24 na viongozi watatu. Kila mtu alihesabiwa nusu kilo ya unga kwa siku. Basi 27 mara nusu ni kilo 13 na nusu kwa siku. Kwa siku tano ni kilo 67 na nusu. Tulipeleka kilo 70 na maharage. Safari hii ugali uliiva. Ukipanga hesabu kabla, hulali njaa na huharibu chakula.

Maji. Maji ya kunywa yalichemshwa mpaka yatokote, kisha yakafunikwa. Choo kilichimbwa mbali na maji, zaidi ya hatua 50, na upande wa chini wa chanzo cha maji. Karibu na choo tuliweka dumu la kunawia mikono na sabuni.

Moto. Juni hapa kwetu ni baridi na upepo. Vijana wawili walitaka kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema walale nalo. Tuliwakataza kabisa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu hulala, asiamke. Hata nyumbani, mtu asifunge mlango akalala na jiko la mkaa. Moto wa nje ulizimwa kwa maji kila usiku, na majivu tuliyashika kwa mkono kuhakikisha yamepoa.

Wanyama. Fisi hufuata harufu. Mifupa na makombo tuliyafukia mbali, na chakula hakikuwekwa ndani ya mahema ya kulala.

Miti. Tulitumia kuni kavu zilizoanguka. Mti mbichi haukukatwa. Na anayetaka kupiga kambi ndani ya msitu wa hifadhi wa Mlima Hanang ni lazima apate kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Msitu ule ndio unaoshika udongo na maji yetu.

Zamu. Kila kikosi kilipika siku yake, kilichota maji siku yake, na kililinda usiku wake. Wavulana walipika. Wasichana walilinda. Baba mmoja alikuja kututembelea akamkuta mwanawe anasonga ugali. Akastaajabu, "Ebo! Nyumbani huyu hajui hata mwiko ulipo." Siku hizi, ametuambia, anaujua.

AGOSTI: HABARI KUTOKA MBALI

Mwezi wa Agosti 2023 skauti wa dunia walikutana nchini Korea Kusini. Mkutano wa namna hiyo huitwa jambori, na kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka minne. Walifika vijana na viongozi wapatao 43,000 kutoka nchi zaidi ya 150. Kambi iliwekwa mahali paitwapo Saemangeum, kwenye uwanda uliotengenezwa kwa kuzuia bahari. Ni ardhi tambarare na isiyo na miti ya kivuli. Kabla ya mkutano mvua zilikuwa zimeacha madimbwi. Kisha likaja joto kali. Vijana wengi waliugua. Makundi ya Uingereza na Marekani yaliondoka mapema. Halafu kikatangazwa kimbunga, na tarehe 8 Agosti wote waliobaki wakahamishwa kwa mabasi.

Hatuyasemi haya kuwacheka. Waliopanga kambi ile walikuwa na fedha, mashine na wataalamu. Lakini ardhi haiangalii fedha. Swali la yule mama wa Endasak lingefaa hata huko: "Watoto watalala wapi, na nani kapatazama?"

SEPTEMBA: ZIWA BALANGIDA

Katika likizo ya Septemba tulitembea kwa miguu mpaka Ziwa Balangida, lililo kaskazini ya mlima, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa. Wengi wenu mnalijua kwa chumvi yake. Maji yake hayanyweki, kwa hiyo kila kijana alibeba maji yake tangu alfajiri.

Huko tulifanya somo la kusoma. Ukingoni mwa ziwa kuna mistari myeupe ya chumvi, mmoja juu ya mwingine. Tuliwauliza vijana, "Mistari hii inasema nini?" Walijadiliana. Msichana wa filimbi akajibu, "Kila mstari ni mahali maji yalipofika, halafu yakarudi." Vizuri. Ziwa limejiandikia kumbukumbu. Likishapungua, hatuwezi kusema kwamba halijawahi kufika juu. Limeandika lenyewe.

DESEMBA: SIKU AMBAYO HATUTAISAHAU

Kambi ya Desemba haikufanyika.

Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Matope, mawe na magogo yalishuka kwa nguvu kupitia mikondo ya maji mpaka mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki. Nyumba, maduka na mifugo vilizolewa. Wapo walioogopa wakisema mlima umelipuka, kwa sababu asili yake ni volkano. Wataalamu wa Serikali walieleza kwamba haukulipuka. Miamba dhaifu ilikunywa maji mengi mpaka ikazidiwa na uzito, ikaanguka.

Vijana wetu walikusanya nguo, mahindi na masufuria nyumba kwa nyumba kwa ajili ya waliopoteza vyao. Ilikuwa kazi njema, lakini ilikuwa ndogo mno.

Hapa hatutadanganya, ndugu msomaji. Mafunzo yetu hayakumwokoa mtu yeyote siku ile. Tangu Aprili tulijua kwamba maji ya mlima huja hata pale ambapo hapajanyesha. Tulijua kusoma nyasi zilizonasa mtini. Lakini tuliwafundisha vijana 24 tu. Tulidhani ni somo la kambi. Hatukufikiri kwamba nyumba nayo ni kambi, ila mtu hulala humo miaka yote.

Hatusemi waliofariki walikosa akili. La hasha. Matope yale yalikuwa makubwa kuliko walivyozoea hata wazee. Wala hatusemi tungeyazuia. Tunasema kwamba ujuzi uliofungiwa ndani ya kundi hausaidii kijiji. Waswahili husema, tahadhari kabla ya hatari.

Kwa hiyo mwezi wa Januari 2024 vijana walitembea na wazee katika makorongo ya kwetu. Walichora ramani kwa kalamu ya risasi: korongo hili, nyumba hizi, njia ya kupandia juu. Tuliipeleka ramani kwenye mkutano wa kijiji. Hatukusikilizwa na wote. Mzee mmoja alisema, "Nimekaa hapa miaka thelathini." Tukamjibu kwa heshima kwamba hata mstari wa juu wa Balangida hauandikwi kila mwaka. Familia moja ilihamisha nyumba ya kulala watoto. Wengine walihamisha zizi la mbuzi. Wengine bado wanafikiri. Ndiyo maana tumeandika somo hili.

JINSI YA KUSOMA ARDHI

Kabla ya kupiga hema, kujenga nyumba au kufunga zizi, tafuta alama hizi:

1. Nyasi, vijiti au takataka zilizonasa katika miti na vichaka. Zinaonyesha kimo cha maji yaliyopita.

2. Mchanga laini na mawe ya mviringo yaliyolainika. Yalisukumwa na maji.

3. Mawe makubwa yaliyokaa peke yake juu ya udongo, chini ya mlima au mbele ya mdomo wa korongo. Jiulize: yalifikaje pale?

4. Nyufa mpya katika mteremko ulio juu yako, au miti iliyoanza kuinama pamoja na ardhi yake. Huenda udongo unateleza.

5. Mlima uliokatwa miti. Mizizi ikiondoka, udongo hauna wa kuushika.

Na wakati wa mvua, angalia dalili hizi za hatari:

- Maji ya mto yamegeuka matope ghafla.
- Maji ya mto yamepungua ghafla huku mvua inanyesha. Huenda yamezibwa huko juu, na yatakuja kwa pamoja.
- Unasikia mngurumo, au mawe na miti ikivunjika upande wa mlimani.

Ukiona au kusikia hivyo, usisubiri. Piga filimbi, debe au kelele kuwaamsha jirani. Waache mifugo na vyombo. Usikimbie kufuata korongo kwenda chini, maana matope yana mbio kuliko wewe. Panda pembeni, kwenye mgongo wa ardhi. Usivuke maji yanayokwenda kasi, hata kama unaona ni ya magotini. Usirudi kuchukua kitu mpaka viongozi watangaze kuwa ni salama.

MASWALI MZAZI ANAYOPASWA KUULIZA

Mtoto akileta fomu ya kambi, usimkatalie tu, wala usitie dole gumba tu. Soma. Kisha uliza:

1. Watalala wapi hasa, na nani alipakagua?
2. Viongozi ni wangapi? Kwa wasichana, yupo kiongozi wa kike?
3. Mahema ya wasichana na ya wavulana yametengwa?
4. Maji ya kunywa yatatoka wapi?
5. Mtoto akiugua, zahanati iliyo karibu ni ipi, na usafiri ni upi?
6. Nitampigia nani simu?

Kiongozi mwema hatachukia maswali hayo. Sisi tuliulizwa, na tangu siku hiyo tumekuwa viongozi bora.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, korongo lililo karibu na nyumba linatoka wapi? Juu yake kuna nini?

2. Waulizeni wazee: maji yaliwahi kufika wapi? Mwaka gani? Andikeni majibu yao katika daftari.

3. Usiku mkisikia mngurumo, mtapandia wapi? Wagonjwa, wazee na watoto wachanga watabebwa na nani?

4. Nani kati yenu ana filimbi au debe la kuwaamsha wengine?

5. Kambi ya siku sita ina watu 20. Kila mtu anakula nusu kilo ya unga kwa siku. Watahitaji kilo ngapi?

Ndugu msomaji, ukimaliza kusoma gazeti hili usilikunje ukafungia sukari. Toka nje. Tazama juu ya nyumba yako, kisha tazama chini yake. Soma palipoandikwa. Halafu mwambie jirani.